Misiba Yote ya Mheshimiwa

Mkahawa wangu una viti vinane, na mwaka ule vyote vinane vilikuwa na maoni. Mwanasiasa akila hela za kampeni, afungwe au asifungwe? Muroi, muuza mchele, alikuwa akipiga meza mpaka supu inamwagika. "Afungwe! Na ufunguo utupwe mtoni!" Wengine wakasema aa, mzee wa watu, arudishe hela, aombe radhi, yaishe. Mimi nilikuwa nachemsha tambi, nimenyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo si kawaida yangu. Wao wanabishana afungwe nani, na jela ilishatengewa mtu wake zamani. Kaka yangu Tokuji.

Magazeti yalimwita "katibu", basi, yakamalizia hapo. Ngoja niwaambie alikuwa katibu wa nini.

Alianza kazi kwa Mheshimiwa Hatakeda Gensuke akiwa na miaka ishirini na sita na nywele tele kichwani. Mama alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ataandika hotuba za bungeni. Hotuba gani! Kazi aliyopewa ni kuzika. Mheshimiwa yuko Tokyo analijenga taifa, hawezi kuja kwenye kila msiba wa mji wetu huu wa Kamisawa, na watu wa Kamisawa wanakufa kwa bidii, hasa theluji ikianza. Kwa hiyo kila asubuhi Tokuji alifungua gazeti ukurasa wa vifo, akavaa suti nyeusi na tai nyeusi, akaenda. Anainama, anafukiza ubani, anatoa bahasha ya rambirambi, anaandika jina kwenye daftari la mlangoni, analia kidogo. Na alilia kweli, mjinga yule. Miaka thelathini na moja, suti nne zimechakaa mwilini mwake.

Kazi yake ya pili ilikuwa kukosea. Mheshimiwa akisahau jina la mwenyekiti wa wakulima, kosa la Tokuji, hakumkumbusha. Gari la Mheshimiwa lilipobomoa ua wa shule, na Mheshimiwa mwenyewe ananuka pombe ya mchele hadi ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akiendesha ni Tokuji. Saa ile Tokuji alikuwa kwangu anakula. Simu ikalia, akaweka vijiti chini, akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa, nilikuwa mimi." Akainuka kwenda polisi kukiri.

"Kaka, una akili timamu kweli?" nikamuuliza.

"Ndiyo kazi, Sumie."

"Kazi gani hiyo, kumkosea mtu makosa yake?"

"Ina bima ya afya," akasema, akavaa viatu.

Halafu wakaja samaki. Mheshimiwa ana bwawa nyumbani, na bwawa bila samaki ni aibu kwa kiongozi. Zile hela ambazo watu walimchangia kampeni, na mimi nilinunua tiketi ya chakula cha jioni nikapewa kamba mmoja wa baridi, zikageuka samaki saba wa mapambo, weupe wenye madoa mekundu, mmoja tu anazidi bei ya jiko langu. Kwenye hesabu za kampeni wakaandikwa "ushauri wa uvuvi wa baharini". Sisi hapa tuko milimani. Bahari tunaiona kwenye televisheni.

Waendesha mashtaka wakaja na maboksi yao, wamejipanga mstari mbele ya kamera kama kawaida yao. Siku hiyohiyo Mheshimiwa akalazwa hospitali. Moyo. Una adabu sana moyo ule, huugua mambo yakiharibika na kupona mambo yakitulia. Kabla ya kulazwa alisimama mbele ya vipaza sauti: "Haya yote aliyafanya katibu wangu. Mimi sikujua lolote. Nimeumia sana." Akainama sekunde tano, nilihesabu. Tokuji kwa ule ua wa shule aliinama dakika nzima, na kulikuwa na mvua.

Kesho yake wakili akaja mkahawani. Alikuwa wakili wa Tokuji, ila mshahara wake unatoka ofisini kwa Mheshimiwa, mnaona utaratibu ulivyo mzuri. Akasema, "Bwana Tokuji, kubali kwamba ulinunua wewe, kwa muhuri wa ofisi, bila kumwambia. Utapata kifungo cha nje. Hutalala jela hata siku moja."

"Nimeelewa," akasema kaka yangu.

Mama alikuwa na miaka themanini na tisa, anaishi nami hapo juu ya mkahawa, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Akashuka ngazi taratibu, hakuuliza habari za samaki wala hela.

"Toku, umezika mama za watu wote wa mji huu. Na mimi utanizika?"

"Nitakuwepo, Mama. Nitakaa mstari wa mbele."

"Haya," akasema Mama, akapanda zake juu. Mimi moyo ulinichoma, kwa sababu kifungo cha nje nilikisikia kwa yule wakili tu, na yule wakili simwamini hata akiniambia saa ngapi.

Nikawaza. Samaki walinunuliwa mnadani wilaya ya pili, siku tatu tofauti, tarehe ziko gazetini. Muuzaji alisema mteja alikuja mwenyewe, kofia na barakoa, hakumwona sura. Nikatoa magazeti ya zamani, yale ninayofungia mboga, nikatafuta ukurasa wa vifo. Siku zote tatu kulikuwa na msiba! Na penye msiba ndipo Tokuji alipo, kutwa nzima. Daftari za waombolezaji watu hawazitupi, wanazifungia kabatini pamoja na picha ya marehemu. Nikapanda baiskeli. Nyumba mbili za kwanza hawakusumbua, na Bi Nomoto, mjane wa fundi bomba, akanipa lake limefungwa kwa kitambaa cha zambarau. "Ulitunze," akasema. Sikulifungua hata moja. Nilikwenda mbio hadi kwa wakili, jasho linanitoka, nikamtupia mezani.

"Haya! Kaka yangu alikuwa msibani. Angewezaje kununua samaki?"

Wakili akafungua la kwanza, la pili, la tatu. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama, umetusaidia sana. Hatukuwa na ushahidi safi namna hii."

Nikachungulia. Mwandiko ulikuwa wa Tokuji, ule mwandiko wake mzuri wa brashi. Jina lilikuwa Hatakeda Gensuke. Kwenye daftari zote tatu, Hatakeda Gensuke, na Tokuji hayupo popote. Kwa hiyo siku samaki wananunuliwa, Mheshimiwa alikuwa anafarijiana na wafiwa wa Kamisawa, na ushahidi nimeuleta mimi kwa baiskeli yangu.

Nilirudi nikamkuta Tokuji anakata vitunguu vyangu, maana hakuwa na kazi nyingine tena. Nikamfokea mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Kwa nini hukuandika jina lako?"

"Wafiwa hufurahi wakiona amekuja mwenyewe," akasema. "Halafu sheria hairuhusu katibu kupeleka rambirambi za mwanasiasa. Lazima aje yeye. Basi… alikuja yeye."

"Nenda ukaseme ukweli! Bi Nomoto alikuona, alikumiminia chai!"

"Bi Nomoto kila mgeni anamfunulia daftari lile, anamwonyesha mwandiko wa Mheshimiwa. Nikamwambie nini, Sumie? Kwamba mumewe hakuzikwa na mtu wa maana?"

"Wewe si mtu wa maana?"

Akainama, akaokota kisu, akaendelea na vitunguu.

Nikaenda kwa Bi Nomoto mwenyewe. Alinikaribisha vizuri, akakaa akiitazama picha ya marehemu.

"Alikuja Mheshimiwa," akasema.

"Bi Nomoto, ulikaa na Tokuji chumba hiki hiki!"

"Sumie mwanangu, mume wangu alimpigia kura miaka arobaini. Alikuja."

Nikanywa chai yangu, nikaondoka.

Hakimu alisema mshtakiwa amesaliti imani ya kiongozi ambaye, wakati huohuo, alikuwa akiwafariji wananchi misibani. Daftari zangu hizo. Mwaka mmoja na miezi minane, ndani, si nje. Wakili akaniinamia sekunde mbili. Moyo wa Mheshimiwa ukapona wiki ileile, na samaki wakarudishwa bwawani, kwa kuwa samaki hawakai kwenye boksi la ushahidi. Mkahawani palikuwa na furaha ya ajabu. Waliotaka watu wafungwe walifurahi kwamba mtu amefungwa, na waliotaka Mheshimiwa asifungwe walifurahi kwamba hakufungwa. "Mnaona? Sheria ina meno!" akasema Muroi, akaagiza bakuli la pili. Nilimwekea, ila kitunguu sikumwekea.

Mama alikufa Februari, Tokuji ana miezi minane ndani. Niliomba aachiwe siku moja tu. Wakanijibu kwa barua yenye lugha nzuri sana kwamba haiwezekani. Wafiwa tulikaa mstari wa mbele kwenye mito ya kukalia, na mto wa Tokuji niliuweka, ukakaa mtupu.

Jirani aliyekuwa meza ya daftari mlangoni alikwenda kuongeza mkaa, nikashika nafasi yake kidogo. Ndipo akaingia bwana mmoja wa miaka arobaini hivi, suti nyeusi bado ina mikunjo ya dukani. Akainama vizuri. Akatoa bahasha kwa mikono miwili. Akachukua brashi, akaanza kuandika: Hatake…

Nikafunika karatasi kwa kiganja.

"Huyo hakuja," nikasema.

"Mama, samahani, nimeagizwa…"

"Najua ulivyoagizwa. Wewe unaitwa nani?"

Akaangalia foleni nyuma yake, watu wanasubiri kwenye baridi. "Ishigure."

"Andika Ishigure. Na saa uliyofika uiandike. Bahasha rudi nayo."

Akaandika: Ishigure, saa nne na dakika kumi. Akaingia kufukiza ubani. Nikabaki na brashi mkononi, bado ina wino. Nilitaka kuandika jina la Tokuji juu kabisa ya ukurasa, kama alivyomwahidi Mama. Mwandiko wake ninauweza, na hakuna ambaye angejua.

Sikuandika. Hakuwepo.