Ungo wa Shangazi na Koki Iliyofukiwa

Shangazi ndiye aliyenitaja. Ilikuwa kwenye kikao cha nyumba kumi, Mwananyamala, miaka ile ya kujitegemea, wakati mtaro wa bomba ulichimbwa na kila mwenye mikono. Wetu tulikuwa tumeshauchimba, mabomba yamelazwa, na bomba la mtaa ambalo akina mama wangechotea lilikuwa limejengewa sakafu ya saruji. Kilichobaki ni kuliunga na bomba kuu la barabarani, na hapo ndipo tulipokwama. Koki kubwa ya kuungia, iliyowekwa kabla barabara haijapanuliwa, ilikuwa imefukiwa na greda pamoja na mfuniko wake wa chuma. Ramani ilisema iko karibu na mnazi. Mnazi ulikuwa umekatwa zamani.

Watu walichimba kwa kubahatisha mpaka ukingo wa barabara ukafanana na shamba la mihogo lililovunwa. Fundi wa maji alituambia kwa upole kwamba angerudi Jumamosi. Akikuta koki imeonekana, angeunga siku hiyo hiyo. Asipoikuta, vifaa vingepelekwa Vingunguti, ambako nao walikuwa wamemaliza mtaro wao, na sisi tungengoja zamu nyingine ambayo hata yeye hakujua ingekuja lini.

"Mbona huyu wangu anatengeneza mashine ya kutafutia chuma?" Shangazi akasema.

Kikao kizima kikanigeukia. Ni kweli nilikuwa naitengeneza. Nilikuwa nimemaliza chuo, fani ya umeme, nasubiri kupangiwa kazi, na mwalimu wangu aliniruhusu kuondoka na vipande vya kazi yangu ya mwaka wa mwisho. Lakini kutengeneza mashine na mashine kufanya kazi ni mambo mawili, na mimi ni mtu ambaye hata nikitumwa chumvi nafikiria kwanza kama duka limefungwa, kama chumvi imekwisha, na kama nitasahau nilichotumwa. Nilianza kueleza hayo yote. Balozi wetu wa nyumba kumi, mchonga vinyago kutoka kusini, alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akatangaza kwamba msomi amekubali.

Mashine yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Unapeleka umeme kwenye duara la waya, halafu unaukata ghafla. Chuma kilicho karibu hubaki na mwangwi wa umeme kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mashine huusikiliza mwangwi huo na kuugeuza kuwa mlio kwenye kisikilizio nilichovaa sikioni. Hufanya hivyo tena na tena bila kuchoka. Duara hilo linahitaji kitu cha kulishika, chepesi, cha mviringo, kisicho na chuma. Nilizunguka nyumba nzima. Sinia ni bati, sufuria ni sufuria, na gurudumu la baiskeli ndiyo kabisa. Kisha nikauona ungo wa Shangazi umetundikwa ukutani, wa mianzi mitupu, ukingo wake umezungushiwa kitambaa. Nikaufunga waya wangu kuuzunguka, nikaona nimepata.

Nilipowasha, mashine ikalia. Nikauinua ungo kutoka sakafuni, ikalia vile vile. Nikauelekeza mbinguni, nako ikasema kuna chuma.

Nilianza kutilia shaka kila kitu. Nilibadilisha transista. Nilikagua kila mahali nilipochomelea. Nilibadilisha kile kipande kinachotuliza waya baada ya umeme kukatwa, kwanza kikubwa, kisha kidogo, kisha nikarudisha cha mwanzo. Nikashuku paa la bati, nikatoka uani. Nikashuku kitanda cha chuma cha jirani, nikaenda kiwanja cha mpira. Nikashuku kifungo cha mkanda wangu, nikauvua, nikawa nazunguka katikati ya kiwanja nikishika kaptula kwa mkono mmoja na ungo kwa mkono mwingine.

Mtaa ulikuwa unanitazama. Na kwetu, mtu mzima akionekana anahangaika na ungo, kila mmoja anajua wachawi husafiri na nini.

"Msomi," akaniita mama muuza maandazi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, "wenzio wanaruka usiku. Wewe wa mchana huu utaonwa na polisi wa usalama barabarani."

Kiwanja kizima kilicheka. Mie mwenyewe nilicheka, halafu nikarudi nyumbani na kulala chali nikiwaza jinsi Jumamosi itakavyokuwa. Nilimwona fundi akipakia vifaa. Niliwaona akina mama wakitembea na ndoo kwenda kule walikokuwa wakienda siku zote, na kila mmoja akinipita bila kusema kitu, jambo ambalo lingekuwa baya kuliko kusema.

Jumatano nilikuwa nimeshabadilisha kila kilichoweza kubadilishwa. Kilichobaki ni ungo. Nikauvua ule waya wangu, nikaushika mkononi kama kamba ya ng'ombe, nikawasha. Kimya. Nikausogeza taratibu karibu na ungo uliokuwa juu ya mkeka. Ikalia.

Nilikifumua kile kitambaa cha ukingoni kwa wembe. Chini yake kulikuwa na waya mwembamba, umezunguka ungo mzima na kusokotwa ncha kwa ncha.

Nilimuuliza Shangazi, naye akanishangaa. "Si niliupeleka kwa fundi wa nyungo ukingo ulipofumuka? Ulitaka aushone na nini, uzi wa shati?"

Nyungo za mtaa mzima zilishonwa hivyo. Na pete ya waya iliyofungwa ncha kwa ncha ndicho kitu ambacho mashine ya namna ile hukisikia kuliko vyote. Siku zote hizo ilikuwa inasema kweli, kwamba kuna chuma, kipo hapa hapa. Nikautoa ule waya na kuushona ungo upya kwa uzi wa katani. Nikafukia sufuria uani, nikapita juu yake, ikalia. Nikapita pembeni, ikanyamaza. Nilipita juu ya sufuria ile mpaka Shangazi akadai sufuria yake.

Ijumaa asubuhi tulikwenda barabarani, balozi na wanaume wenye majembe nyuma yangu. Hatua ya pili, mlio. Wakachimba, wakatoa vizibo vya bia. Pembeni kidogo, mlio, vizibo vingine. Kumbe zamani palikuwa na baa mahali pale, na mwenye baa alikuwa akimwaga vizibo kuzuia tope. Baada ya shimo la nne majembe yalianza kuondoka moja moja.

Balozi alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie kweli. Mashine inaona au haioni?"

"Inaona, Mzee. Inaona mno."

Niliketi juu ya udongo na kufanya lile ninaloliweza, yaani kuwaza. Kizibo ni chembamba, kwa hiyo mwangwi wake hufa upesi. Mfuniko wa koki ni mnene, mwangwi wake hukawia. Mashine yangu ilikuwa inasikiliza mara tu umeme unapokatwa, wakati kila kitu kinajibu kwa pamoja. Kama ingesubiri kidogo, wadogo wangeshamaliza kusema.

Nikakimbia nyumbani. Kwenye redio mbovu nilitoa kile kitufe cha kuongezea sauti, nikapasha chuma changu cha kuchomelea kwenye jiko la mkaa, nikakiunga kitufe pale panapopanga muda wa kusubiri. Nikamwaga vizibo uani na pembeni nikaweka pasi ya mkaa ya Shangazi. Nikazungusha kitufe polepole. Vizibo vikafifia, vikazima. Pasi ikaendelea kulia peke yake.

Jumamosi asubuhi mashine ilipita juu ya vizibo vyote kimya. Kimya kile kilinitia hofu mpya, kwamba labda imekufa, kwa hiyo kila baada ya hatua chache nilimwomba Shangazi, aliyekuwa akinifuata na pasi yake, aisogeze karibu. Ikalia. Tukaendelea. Fundi wa maji alikuwa ameshafika. Nikamwamkia shikamoo bila kusimama, akaitikia kutoka juu ya kisanduku cha spana zake.

Mlio ulikuja juu ya tuta la udongo. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa mbali, na pasi ameishika nyuma ya mgongo.

Lilikuwa tuta letu wenyewe. Kila tulipochimba kuitafuta koki, tulikuwa tunautupa udongo juu yake. Wanaume waliguna, kisha wakacheka, kisha wakaliparamia lile tuta kama limewakosea heshima. Jembe la balozi ndilo lililogonga. Aliinama, akafuta udongo kwa kiganja jinsi anavyofuta vumbi la mti anaouchonga, na duara la chuma likatokea.

Fundi aliinuka. Alifungua kisanduku.

Alasiri bomba lilikohoa, likatema upepo, likatoa maji mekundu ya kutu, kisha meupe, kwa nguvu iliyofanya ndoo ya kwanza iruke. Mama muuza maandazi alikuwa wa mbele. Alijaza ndoo mpaka juu, akaitazama, akajimwagia yote miguuni, akaikinga tena. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyemkataza.