Kanga ya Marehemu Mikononi Mwangu

Mimi ni mwoga, siwafichi. Naogopa mbwa, naogopa sindano, na tangu nirudi kutoka Rwanda naogopa na mdomo wangu mwenyewe. Na mdomo wangu, jamani, haujawahi kuwa na breki.

Tulikwenda huko na kwaya ya kanisani kwetu, hapa Mtwara mjini. Safari ya basi ya siku kadhaa, miguu imevimba, tukaimba, tukapokewa vizuri. Siku ya mwisho wenyeji wakatupeleka kwenye kanisa moja nje ya Kigali, ambamo siku hizi hamsaliwi tena. Nilidhani tunakwenda kutembea tu. Nilishuka garini na chupa yangu ya soda mkononi, nikicheka.

Ndani, juu ya mabenchi kama yale tunayokalia sisi Jumapili, wamelundika nguo. Nguo za waliokimbilia mle wakati wa mauaji ya kimbari, wakauawa mle mle. Za wakubwa, za watoto, zote zimegeuka rangi ya udongo. Niliona kigauni chenye mfuko kifuani, nami binti yangu ana cha namna ileile, anatia humo karanga. Toba! Nilitafuta mahali pa kuiweka ile soda nikakosa, nikaibana kwapani mpaka tulipotoka.

Mama aliyetuongoza alikuwa amenusurika akiwa mtoto. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Alisema aliyewaonyesha wauaji mahali baba yake alipojificha alikuwa jirani yao. "Walikuwa wanataniana kila siku," alisema. "Ndiyo maana baba alikwenda kwake kwanza."

Nilirudi nalo neno hilo Mtwara, na likakataa kunitoka. Kwa sababu mimi ni Mmakonde wa Nanyamba, na rafiki yangu, mwalimu mwenzangu katika shule yetu hapa Chikongola, ni Mmakua. Ni mtani wangu. Nikimkuta anakula, naondoka na sahani. Asubuhi ananipokea ofisini kwa kusema, "Wewe Mmakonde, hujafa tu?" Nami namjibu kwamba nawasubiri Wamakua waishe kwanza, turithi mikorosho yao. Miaka yote tumesema hivyo na hakuna aliyenuna. Ila niliporudi safari akaniuliza kama kawaida yake, nami nikamjibu, "Sijambo." Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Wiki mbili baadaye mama yake akafa.

Msiba ulikuwa kijijini kwao, karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Njia nzima nilikuwa natamani kugeuza, maana msibani mtani ana kazi yake. Huvaa kanga ya marehemu, akaigiza mwendo wake na sauti yake, akakaa mlangoni jeneza lisitoke, akawatukana wafiwa mpaka wacheke. Mtani akikaa kimya, watu hawasemi ana huzuni. Wanasema ana kinyongo, amefurahia kifo. Nikinyamaza, nimempoteza rafiki yangu siku anayomzika mama yake.

Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini. Rafiki yangu amekaa mkekani, macho yamemvimba, ananitazama. Shangazi yake akanitupia kanga. "Haya, Mmakonde! Leo umemeza nini?"

Kanga ilikuwa laini kwa kufuliwa, bado ina harufu ya moshi wa kuni. Nikaishika, nikayaona yale mabenchi. Nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Wanawake wakaanza kutazamana. Rafiki yangu akainamisha uso.

Nikajifunga ile kanga. Nikapinda kiuno kama marehemu, nikaenda mlangoni nikichechemea, nikapaza sauti yake ya kukwaruza: "Ingieni, ingieni, mmesimama hapo kama kuku wageni!" Ndivyo alivyokuwa akimwambia kila mtu. Ndivyo alivyowaambia watu waliovuka Ruvuma miaka ya karibuni wakikimbia kuchinjwa huko ng'ambo ya mpaka, akawapa chumba chake, yeye akalala jikoni. Wanawake wakalipuka kwa kicheko. Wakaanza kunichochea nimalize, maana tusi la mtani msibani wote wanalijua.

Nikalisema. "Enyi Wamakua, mnatuchosha kufa mmoja mmoja! Si mfe wote siku moja tupumzike!"

Ukumbi mzima ukacheka. Rafiki yangu alicheka mpaka akalala ubavu, kicheko kikageuka kilio, na akalia vizuri, kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia tangu asubuhi. Mimi nikakaa mlangoni na ile kanga ya mama yake. Wakanipa sahani ya wali nipishe njia, jeneza likatoka.

Alasiri tulikuwa uani, mimi nasugua masufuria, naye amekaa karibu yangu kwenye kigoda. Nikashindwa kuvumilia. Nikamsimulia habari za zile nguo, na yule jirani aliyekuwa akitaniana na baba wa yule mama, baba akakimbilia kwake kwanza. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Masikini." Basi nikamuuliza moja kwa moja: siku watu wakianza kuchinjana hapa kwa makabila yao, Mungu apishie mbali, yeye atakimbilia kwa nani?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

"Kwako, we mwehu. Nina kwingine?"

Hakufikiri hata kidogo. Akainuka, akaenda kumimina maji. Nami nilibaki nimeshika ile sufuria kwa mikono miwili, naogopa kuliko nilivyoogopa kule kanisani, kwa sababu hata yule baba hakufikiri.