Bibi Alipoigiza Bahili

Bibi alipotumbukia ndani ya jukwaa, ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, mpaka ubao niliosimamia ukakatika nikamfuata. Kule chini vumbi limenijaa mdomoni, bibi ananiangalia. Juu namsikia jirani yetu, mtani wake wa miaka yote, anapaza sauti: "Kufa basi, bibi kizee, tule wali!" Watu wakapiga vigelegele.

Jirani simlaumu. Ndivyo walivyozoeana, hata msibani mtani huja kuchekesha. Alipochungulia akaona damu, alikaa chini palepale. Hajanitania tena.

Ule mchezo, mwenzangu, mtaa mzima wa Majengo tuliujua. Bwana bahili anasikia hodi, anaficha ugali uvunguni, mtoto wake anamuumbua mbele ya mgeni. Kila baada ya mavuno uliigizwa ukumbi wa mtaa, na kila mwaka tulicheka palepale. Bibi ndiye bahili: koti la marehemu babu, masharubu ya mkaa. Mimi ndiye mtoto. Alikuwa anapika kweli, ugali na likolo la majani ya maboga lililoungwa karanga, harufu inajaa ukumbini watu wanameza mate. "Usiharakishe kuniumbua," alinifundisha tukipukuchua mahindi. "Waache watamani kwanza."

Nguzo za chini ya jukwaa aliziong'oa mwenyekiti wa ukumbi, akajengea banda la nguruwe wake. Fundi aliyelijenga jukwaa aliziona kule, akamwambia jukwaa limebaki hewani. Mwenyekiti akamjibu, "Wanawake na watoto wana uzito gani?" Fundi naye akanyamaza. Nawataja wote wawili. Fundi ameshakufa.

Bibi tulimzika. Mguu wangu uliovunjika uliunga vibaya, shule ikaishia darasa la nne.

Juzi vijana wa mtaa wa Ruhuwiko wameurudia mchezo wetu, nikaenda. Wanaigiza vizuri, ila ugali wao ni sponji, haunuki kitu. Walipofika pale pa kuficha, watu walicheka. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya jukwaa. Sikusikia uchungu, sikusikia chochote. Kiti cha mbele amekaa mwenyekiti yuleyule, mzee sasa, anafuta machozi ya kucheka.

Shikamoo mzee. Banda lako bado limesimama, nimepita nikaliona. Bibi yangu alikuwa na uzito gani? Nijibu.