Mupaka Aliouona Adélaïde

Bibi yangu Adélaïde alikuwa anasoma kazi ya watu wengine na kutafuta mahali wamekosea. Mimi nilikuwa maçon, fundi wa kujenga. Shule sikuingia. Herufi alinifundisha yeye, tukiwa tumeshaoana, kwa chaki, kwenye ukuta niliojenga mwenyewe.

Yeye alisoma hesabu mpaka université. Ndugu zake walimuuliza kama amekosa wanaume. Akawajibu, "Wanaume wako wengi. Mwenye kujua kujenga njo iko mumoja."

Watoto Mungu hakutupa.

Mwaka wa 2002 waasi ndio walikuwa wanatawala Bukavu. Adélaïde alikuwa anafundisha, leta, yaani serikali, haimulipi. Mjini kulikuwa na ofisi moja yenye antena ya internet. Mule alitumika kazi Nathanaël, ingénieur, mwanafunzi wake wa zamani. Huyu alikuwa anapokea code za programu kutoka kwa watu wa mbali, anazichapa kwenye karatasi, anamuletea. Adélaïde anazisoma kwa kalamu ya bic nyekundu hapa kwetu Cimpunda. Kwa kompyuta angehitaji courant ya umeme, na courant haikuwapo.

Jirani yetu Constance alimuchokoza kutoka ngambo ya ukuta. "Maman Adélaïde, kazi gani haina mushahara?"

"Hata ile ya leta haina. Hii angalau haina na directeur."

Lakini kulikuwa na kitu alichotaka. Code ikikubaliwa, jina la aliyeikagua linaandikwa pamoja nayo, linabaki. Miaka ishirini na saba alifundisha, na jina lake halikuandikwa mahali popote. Alitaka hilo tu.

Siku moja alinieleza. Ndani ya machine kuna kernel. Iko kama kapita, musimamizi wa ujenzi kwenye chantier: programu haigusi kitu bila kumuomba. Sasa kuna wenye kuandika pilote, yaani programu ya kuendesha kifaa cha mémoire, kumbukumbu ya machine, ili programu ingine iingie moja kwa moja, isimupitie kapita tena. Inakuwa mbio zaidi.

"Na kapita anakubali?"

"Anakubali, kama mupaka umepimwa muzuri. Sikia, maçon. Kurasa za ile mémoire ziko kumi na sita. Ya kwanza inaitwa sifuri."

"Sifuri iko kitu?"

"Kwao iko kitu. Ya mwisho inaitwa ngapi?"

Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. "Kumi na tano."

"Huyu aliyeandika ameruhusu mpaka kumi na sita."

"Kumi na sita iko parcelle ya jirani," nikasema.

Alipiga meza kwa kiganja, akacheka. Kwetu Cimpunda nyumba zimebanana, kila mutu anajua maana ya kula kiganja kimoja cha kiwanja cha jirani. Mimi mwenyewe nimewahi kubomoa ukuta mzima kwa sababu hiyo. Akaandika kwa nyekundu. Programu ingeandika juu ya mémoire isiyo yake, na kapita asingejua.

Alikuwa amepata makosa kumi na tisa kwenye zile karatasi. Kazi ya wiki tatu. Ilipaswa kutumwa Jumamosi.

Alhamisi saa sita mchana Constance aliniita. "Papa Zagabe! Askari banafouiller, banapekua nyumba kwa nyumba! Banatafuta makaratasi ya namba, banasema ni code za maadui. Kule chini bamemubeba mwenye carnet ya namba za téléphone tu!"

Adélaïde alikuwa shuleni. Karatasi zilikuwa mezani, namba tupu, nyekundu kila mahali, na kule juu neno code. Maharagi yalikuwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikazisukuma chini ya sufuria, moja moja, mpaka zikaisha.

Askari walipita kwenye mulango wetu wakicheka. Hawakuingia.

Aliporudi nikamuambia. Alisimama mbele ya mbabula bila kutua mufuko.

"Maharagi imeiva?"

"Imeiva."

"Basi tukule kazi yangu."

Alikula. Kisha akachukua karatasi mpya, akaandika makosa kumi na moja aliyokumbuka. Lile la mupaka aliliweka la kwanza. Ijumaa asubuhi homa ilimukamata, kalamu ikawa inaanguka. Nathanaël alipokuja, alimupa ile karatasi kitandani.

"Peleka na jina langu," akamuambia. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nimeshika kitambaa cha maji.

"Ndiyo, Madame."

Kwenye centre de santé walisema dawa imekwama Luvungi, barabara imefungwa na vita. Jumatatu akafa.

Siku ya tatu ya kilio Nathanaël alikuja, suruali imepigwa pasi. Akakaa karibu yangu.

"Papa, ile ya mupaka ilikubaliwa. Bametuma asante."

"Jina gani liliandikwa?"

Aliangalia chini.

"Langu. Karatasi haikuwa na signature, Papa. Na kule nani anamujua Madame?"

"Alikuambia. Nilikuwa pale."

"Alikuwa na homa, Papa. Mutu wa homa anasema mengi. Nilisoma ile karatasi, nikakamilisha mwenyewe." Akapandisha sauti kidogo, watu wakageuka. "Lakini mimi siko mutu mubaya. Ukiwa na zile za kwanza, zenye bic nyekundu, unipatie. Nitabaandikia bale ba mbali kwamba ni yeye."

Constance alikuwa anagawa chai. Alisimama na birika. Yeye alijua zimeungulia kwenye mbabula.

"Sina," nikasema.

"Basi, Papa," Nathanaël akasema, akasogeza kiti chake ili wenye kuleta bugali wapate kupita.