Mwanya Uliozibwa

Dada yangu alizaliwa akapewa mwanya, mimi nikanyimwa. Aliurithi kwa mama, katikati ya meno ya juu, na akicheka tu watu wa mtaani kwetu Katandala walisema, "Mama yake mtupu huyu!" Mimi meno yangu yamebanana kama mahindi kwenye gunzi. Nilimwonea wivu, sitaki kudanganya.

Akaenda Dar es Salaam, akapata kazi ya mapokezi hotelini. Huko akateleza bafuni, jino la mbele likavunjika pembe. Daktari wa meno akamshauri aweke vibandiko vya kauri: meno ya mbele yanasagwa kidogo, kisha kila moja linavishwa kiganda chembamba cheupe. Akamwuliza, mwanya tuuache au tuuzibe? Dada akasema ziba. Alinitumia picha, na kwa kweli alipendeza.

Wakati huo mama alikuwa ameanza kusahau. Alisahau sufuria jikoni, kisha njia ya kanisani, mwishowe majina yetu. Mimi alinijua kwa sababu nilishinda naye. Dada alibaki kichwani mwake kwa mwanya tu. Gari likisimama nje, anauliza, "Mwanangu mwenye mwanya kaja?" Nikampigia dada simu: njoo, mama anakuulizia kila siku. Habari ya meno haikunijia akilini kabisa.

Alifika asubuhi ya baridi yetu ile ya mwezi wa sita. Akapiga magoti, "Shikamoo mama," huku anacheka kwa furaha. Mama akamtazama mdomoni.

"Marahaba, mgeni. Karibu ukae."

Nikadhani utani. "Mama, si binti yako huyu?"

"Binti yangu namjua," akasema kwa ukali. "Mpe mgeni togwa."

Jamani! Nilimfuata dada jikoni nikamfokea, "Si uvitoe hivyo vitu!"

"Nivitoe nibaki na nini? Meno yenyewe yameshasagwa." Akajifunika uso kwa khanga akalia, uji wa ulezi ukaungulia jikoni na hakuna aliyeugusa. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nani angejua?

Alikaa mpaka ruhusa yake ya kazini ikaisha. Alimwogesha mama, akamlisha, akamsuka nywele, akamwimbia nyimbo za Kifipa ambazo mama mwenyewe alituimbia tukiwa wadogo. Mama aliitikia vizuri, kisha anamshukuru mgeni. Moyo uliniuma mpaka nikawa natoka nje.

Hawakuonana tena baada ya hapo. Mama alifariki kabla dada hajapata ruhusa nyingine. Asubuhi ile dada alipokuwa anaondoka, mama alimshika mikono yote miwili.

"Una roho nzuri wewe. Mama yako ana bahati," akamwambia. "Huko mjini, ukimwona binti yangu, mwambie namsubiri."

"Nitamwambia, mama," dada akasema.