Dirisha Alilonitengenezea Pyo

Pyo Gwang-seop alikuwa mtu wa kuomba radhi hata anapokanyagwa yeye. Miaka ishirini na miwili aliandika programu za kompyuta katika kampuni moja kubwa kule Seoul, kisha wakamwambia, kwa adabu zote, astaafu kwa hiari akiwa na miaka arobaini na tisa. Mkewe akabaki mjini kwa ajili ya shule za watoto. Yeye akarudi kwetu Gokseong, kwenye nyumba ya marehemu mama yake, akawa anatengeneza kompyuta za watu na kula tambi za pakiti amesimama jikoni. Nilimhurumia, lakini huruma yangu ina ulimi. Mbele ya wateja nilikuwa nikimwita Mhandisi Mkuu, naye anacheka tu.

Mimi ni Ma Ok-rye, mwenye studio ya picha mkabala na soko. Siku hizi kinachoniweka mjini ni picha za msiba. Wazee wa huku hupigwa picha hizo mapema, wangali na nguvu ya kukaa wima, ili siku ikifika watu waje kuiinamia sura nzuri. Ila kukaa nayo nyumbani hawataki. "Nitalalaje na maiti yangu kabatini?" huniuliza. Basi naitunza mimi kwenye diski, na naichapisha siku simu ikilia.

Mmoja wao alikuwa Bibi Ki Bun-nyeo, muuza mbegu za ufuta. Nilimpiga picha miaka sita iliyopita, amepaka rangi ya mdomo ya mkwewe, anacheka hadi jino la dhahabu linaonekana. Mwaka uliofuata akaota uvimbe kwenye taya. Ukakua, ukala shavu, ukalivuta jicho chini. Kila vuli alikuja studio na kitambaa usoni, akaomba nimfungulie picha yake kwenye skrini. Anaitazama. Akiondoka huniambia lilelile: "Mama Studio, siku hiyo watu wanione hivi. Hivi nilivyo sasa wasinione."

Nikamwahidi. Kila mwaka nilimwahidi.

Programu ya kuwavisha wazee hanbok, vazi letu la jadi, na kusafisha nyuma ya picha ilikuwa kazi ya Pyo. Tatizo ni kwamba ili kufungua picha ilibidi niandike kwa mkono jina la folda, la faili na namba, herufi moja ikikosewa mashine inagoma. Macho yangu yana miaka sitini na nne. Nikamwita.

"Pyo, niwekee kitufe. Nikibofya, dirisha lifunguke, nione picha, nichague. Basi."

"Sawa, dada. Nipe siku tatu."

"Siku tatu za nini? Unajenga daraja?"

Akaleta baada ya mbili. Nikabofya, dirisha likafunguka, na ndani yake kila kitu duniani: risiti, barua, na vijikaratasi vyeupe visivyo na sura ya mtu. Nikafoka.

"Makorokoro yote haya ya nini? Nimesema picha."

"Hivi vyeupe ni picha, dada. Ni za kamera yako ya zamani, aina nyingine ya faili. Nipe wiki moja nizibadilishe zote, halafu tukae tujaribu pamoja, folda kwa folda."

"Wiki? Mwaka mpya huo mlangoni, na wazee wamejipanga. Zifiche. Nataka kuona nyuso tu."

Akakuna kichwa. "Nikizificha hazitaonekana mpaka uchague 'faili zote', hapa chini. Umeona, dada? Hapa."

"Nimesikia, Mhandisi Mkuu."

Sikusikia kitu. Nilikuwa namkaribisha mteja.

Kwetu mwaka mpya haupokelewi na uchafu. Siku tatu kabla nilifagia studio, nikaosha mapazia, kisha nikakaa na chungwa langu kusafisha kompyuta. Nikafungua dirisha la Pyo. Folda za miaka ya nyuma, nikifungua moja, tupu, nyingine, tupu. Nikajisemea picha zake nilishazihamisha, hizi ni maganda tu. Nikazifuta palepale, ndani ya dirisha lake. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, maana kwenye diski hiyo kikifutwa hakirudi. Nikabofya ndiyo mara kumi na moja, mkono wa pili unamenya chungwa.

Sikukuu ikapita. Nikajaza diski ileile picha za wazee wapya, karibu mia mbili.

Mwezi wa pili, saa nne asubuhi, Noh Chang-geun akapiga simu. Mama yake, Bibi Ki, amefariki. Waombolezaji wataanza kuingia jioni. "Ile picha, Mama Studio," akasema. "Ile anayocheka."

Nikaitafuta: folda ya mwaka wake ilikuwa mojawapo ya zile kumi na moja, na haikuwa tupu, picha zilifichwa tu kama nilivyoagiza. Nikamwita Pyo, akaja na kandambili kwenye theluji. Akakaa kwenye kiti changu toka saa tano hadi saa kumi na moja, anachimbua kile diski ilichobakiza. Akapata vipande: kola ya hanbok, ncha ya bega. Juu ya sura ya Bibi Ki zilikuwa zimeshaandikwa sura za wengine.

"Dada," akauliza polepole, "nani alizifuta?"

"Nani? Programu yako."

Akanitazama. Dirisha la kuchagua faili halifuti kitu bila mkono wa mtu, na hilo yeye alilijua kuliko yeyote Gokseong nzima. Akainamisha kichwa, akaanza kukunja waya zake.

Chang-geun alikuwa na kitambulisho cha mama yake, cha mwaka jana. Ndicho nilichokikuza. Kwenye ukumbi wa msiba, kati ya maua meupe na utepe mweusi, alikaa Bibi Ki na taya lake lile, jicho chini, jinsi alivyotusihi tusimwonyeshe. Mtoto mmoja alilia kwa woga, akatolewa nje. Wauza ufuta wenzake waliinama wakitazama sakafu.

Chang-geun akaja kwenye meza niliyokaa na Pyo, macho mekundu. "Nataka kujua tu. Nani aliyepoteza picha ya mama yangu?"

Pyo akasimama. "Ni mimi. Kosa liko kwenye programu yangu."

Chang-geun akamkamata kola, akamsukuma hadi ukutani, mbele ya mji mzima. Pyo aliomba radhi. Akasukumwa tena, akaomba tena. Wakamtoa nje bila koti lake, na toka siku hiyo hakuna aliyempa kompyuta ya kutengeneza.

Kisha Chang-geun akarudi, akafuta uso, akaniwekea mbele bakuli la supu ya nyama, ile wanayopewa waombolezaji.

"Samahani, Mama Studio," akasema. "Najua wewe ulimpenda mama."

Nikashika kijiko, nikala.