Koti la Kijivu

Miaka kumi na tisa tulimwita Mgeni. Wapo waliozaliwa, wakasoma na kuoa ndani ya miaka hiyo, yeye bado Mgeni, eti kwa sababu aliingia nchini na begi moja na lafudhi ambayo haikumtoka.

Kwenye kiwanda chetu cha suti kuna makoti ya kazi ya aina mbili. La buluu ni la fundi, la kijivu ni la msaidizi, na mshahara wa kijivu haufiki hata nusu ya ule wa buluu. Mgeni alivaa kijivu. Msaidizi gani huyo, ambaye kila fundi mkataji wa pale kapita mikononi mwake? Mimi mwenyewe alinifundisha kulaza kitambaa, kuchora kwa chaki, kupitisha mkasi bila kusita. Baada ya miezi mitatu nikapewa buluu. Nilimwambia asante, dada, nikaenda zangu kusherehekea. Naona aibu kuyaandika haya, lakini acha niyaandike.

Kila alipouliza habari ya koti, msimamizi wetu, mzee tuliyemwita Miwani, alimjibu kwamba cheti chake cha kwao hakitambuliki hapa, na matamshi yake yatawasumbua wateja. Wateja gani? Kwenye chumba cha kukatia haingii mteja, wanaingia nzi tu. Mgeni akameza. Alikuwa na binti aliyezaliwa hapa hapa, anayeongea kama sisi na kutania kutushinda, na alijinyima mpaka akamsomesha chuo cha ushonaji cha hapa hapa.

"Mimi basi tena," aliniambia siku moja. "Lakini mwanangu atavaa buluu."

Binti akaja Jumatatu na cheti chake, alama za juu kabisa, akaomba kazi ya fundi mkataji. Miwani akasoma jina la ukoo, akalisoma tena, kisha akainama kabatini, akatoa koti la kijivu na kuliweka mezani. Akasema aanzie kwa mama yake, watu wa kwao huelewana.

Nilikasirika kana kwamba binti ni wangu. Mgeni hakupiga kelele. Alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya lile la binti, na mkasi wake juu yake.

"Kunionea mimi nimeshazoea," alimwambia Miwani. "Huyu mlikuwa hamna cha kumsingizia."

Wakatoka wote wawili. Mezani kilibaki kitambaa cha oda ya siku ile, kitambaa ghali, cha aina ambayo siku zote alikuwa akiikata Mgeni peke yake. Miwani akanigeukia, akaninyooshea ule mkasi. Nina watoto watatu na kodi ya nyumba. Nilimlaani moyoni, nikajilaani na mimi, nikaupokea.

Kitambaa kilikatika sawasawa, hakikupotea hata kipande. Alinifundisha vizuri.